Inzi wa Kijivu Hatagi Mayai

Boma la Songea, Jumapili, tarehe 5 Novemba 1905

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na kama kila kitu cha Songea, imekuja na ubaya wake. Vumbi limelala, inzi wameamka. Niko kwenye funga ya saba, nimejifunga kitambaa mdomoni. Si kwa uchaji. Naogopa kumeza inzi nikafungua kabla ya magharibi.

Naandika katika daftari alilonipa Bwana Dawa, mganga wa Kijerumani, niandike majina ya majeruhi. Alinipa mawili. Moja ni la wagonjwa, la pili nimelifanya langu, na humu nitasema ya moyoni kwa sababu hapa bomani sina mtu wa kumwambia. Mimi ni Bakili bin Kassimu, Myao wa Nakapanya, upande wa Tunduru. Nimesoma miaka minne shule ya serikali kule Lindi. Najua kusoma, kuandika, kufunga jeraha na kukata kidole kilichooza. Nilidhani elimu itanipeleka Dar es Salaam. Imenileta kwenye vita ya maji, ambako watu waliopakwa maji ya dawa ili risasi isiwapate wanakufa kwa risasi, askari wetu wanakufa kwa mikuki, na wote wananuka sawasawa.

Wangoni siwapendi, niseme mapema. Bibi yangu mzaa baba walimteka akiwa mtoni anachota maji, wala hakuonekana tena. Nawafunga vidonda kwa sababu nimeamriwa.

Tarehe 8 Novemba

Mvua. Wamekufa wawili. Inzi.

Jumanne, tarehe 14 Novemba

Bwana Dawa ameniletea mfuaji. Ni mwanamke wa Kingoni katika wale Wakristo waliokimbilia hapa baada ya misheni yao kuchomwa moto. Anaitwa Kunegunda. Jina gani hilo! Nadhani padre alipiga chafya wakati wa kumbatiza. Kazi yake ni kufua vitambaa vya kufungia vidonda, kuvichemsha kwenye chungu kikubwa cha chuma, kisha kuvianika.

Ameingia akanisalimu, "Mlongo, umeamkaje?"

Neno hilo tunalo hata sisi Wayao, maana yake ndugu. Lilinipanda kichwani.

"Mimi si mlongo wako," nikamwambia. "Niite Bwana Bakili."

"Haya, Bwana Bakili."

Akainamia chungu chake. Nina hakika alikuwa anacheka.

Jumapili, tarehe 19 Novemba

Leo nimegombana na mfuaji juu ya inzi. Mtu aliyesoma amefikia hapo.

Kuna inzi mmoja hapa mkubwa kuliko wa jikoni, rangi yake kijivu. Mgongoni ana mistari mitatu myeusi, imenyooka kutoka shingoni kwenda nyuma. Tumbo lake lina miraba, myeusi na myeupe, kama ubao wa dama, na akigeuka kwenye mwanga miraba inabadilishana, palipokuwa peusi panakuwa peupe. Macho mekundu. Miguu ina nyayo pana, akitua kwenye kitambaa unaona anavyojishikiza. Haogopi mkono. Ukimpiga anakwenda hatua mbili, anarudi.

Mmoja alitua karibu na bega la mgonjwa niliyekuwa namfungua. Kunegunda akarusha kitambaa kilicholowa mpaka kikanipiga usoni.

"Una wazimu?"

"Yule usimwache atue, Bwana Bakili, hata kidogo. Yule hatagi. Anazaa."

"Anazaa nini?"

"Watoto. Wazima. Anawadondosha wanatembea."

Nilicheka mpaka mgonjwa akacheka, naye bega limepasuka. Lindi tulilisoma somo la inzi kwa kuimba, darasa zima, mwalimu akipiga meza kwa fimbo: inzi hutaga mayai, siku ya kwanza yai, siku ya pili funza. Aliyekosea alilala kifudifudi. Mimi sikukosea hata siku moja. Nikamuuliza Kunegunda amesoma wapi.

"Sikusoma," akasema. "Nimekausha nyama. Baba alikuwa mwindaji. Mnyama amechinjwa alfajiri, mama akigeuka tu yule wa kijivu akatua, jua halijafika utosini nyama ina funza. Mayai yangetagwa saa ngapi?"

"Nyama yenu ilioza tangu jana yake."

Alikamua kitambaa, akakianika. Nikaona nimemkata kauli.

Tarehe 24 Novemba

Askari wamerudi kutoka upande wa Hanga. Wamechoma maghala ya mahindi yote njiani. Ombasha Alfani, mkuu wa kundi lao, ambaye nadhani alizaliwa akicheka vibaya, anasema mwakani Wangoni watakula ngozi za ngao zao. Mvua ya usiku imebomoa choo.

Jumatano, tarehe 29 Novemba. Idi

Nimeswali na askari kwenye tope. Nilirudi kwenye kibanda changu bila wali, bila nyama, bila mtu wa kuniambia Idi njema. Niliwaza nyumbani, na mama, nikajisikia kulia, nikajikemea.

Saa nne hivi akaja Kunegunda na mumewe. Sikuwa nimemwona mume. Anaitwa Polikarp, alikuwa seremala wa misheni, mrefu, mikono mikubwa, haongei. Sasa anamkatia mkewe kuni za kuchemshia vitambaa vyangu. Kwapani alikuwa na kuku.

"Mume wangu amesema tumlete mzima," Kunegunda akaniambia. "Tungemchinja sisi usingemla."

Kuku, wakati huu ambapo watu wameanza kuchimba mizizi. Niliwashukuru kwa maneno mafupi kuliko yaliyostahili. Nimemchinja mwenyewe, nimemla peke yangu, na kila tonge lilinipa hasira. Sipendi kudaiwa wema na watu nisiowapenda.

Tarehe 10 Desemba

Polikarp amechonga mfuniko wa mbao wa kile chungu cha chuma ili inzi wasiingie. Sikumwomba. Umekaa sawasawa, hata unywele haupiti. Bwana Dawa amesema mimi nina akili ya kazi. Sikumwambia mfuniko ni wa nani.

Tarehe 21 Desemba

Mvua siku ya sita. Vidonda havikauki. Nawachukia wote, walio juu ya vitanda na walio chini.

Jumanne, tarehe 2 Januari 1906

Leo askari walipigana na watu wa porini kwenye kivuko, mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Askari mmoja amekufa, watano wameletwa kwangu. Wanasema wapiganaji walitawanyika wakiwa na majeraha ya singe, ila hawakukamata hata mmoja. Bwana Mkubwa wa boma amekasirika, anataka watu wa kunyonga.

Jumatano, tarehe 3 Januari

Kuni zimelowa. Chungu hakichemki, moshi tupu. Vitambaa vya jana vimetoka na harufu ileile viliyoingia nayo. Nilimfokea Kunegunda mbele ya wagonjwa.

"Mumeo ana mikono ya kuchonga vifuniko, hana ya kutafuta kuni kavu? Kesho nataka kuni kavu, la sivyo usije."

"Kavu ziko mbali, Bwana Bakili. Kule kivukoni kwenye miti iliyokufa. Na kule kuna vita."

"Sikukuuliza ziko wapi."

Alhamisi, tarehe 4 Januari

Naandika polepole ili nisiruke neno.

Alasiri Ombasha Alfani na askari wawili walimburuta mtu mpaka mlangoni kwangu, mikono imefungwa nyuma. Alikuwa Polikarp. Mguu wa kushoto, kwenye nyama ya nyuma chini ya goti, ulikuwa umepasuliwa, urefu wa kiganja. Alfani akasema wamemkuta kichakani karibu na kivuko, ana damu, ana shoka. Akasema huyu ni mmoja wa wale wa juzi na jeraha ni la singe.

"Bwana Bakili," Polikarp akasema, na nilikuwa sijawahi kumsikia akiongea mfululizo. "Mwambie. Ni shoka hili hili. Leo asubuhi, mti ulikuwa umelowa juu, shoka likateleza. Nilikuwa nimekwisha funga mzigo. Uliza, mzigo uko palepale."

Bwana Dawa akatoka, akavaa miwani, akainama. "Bakili. Nini ndani ya kidonda?"

Nikainama na mimi. Walikuwa funza. Weupe, wembamba kwa mbele, butu kwa nyuma, si wadogo kama wanaotoka kwenye yai leo. Walikuwa wamekwisha kujichimbia vichwa chini, mikia juu.

"Kidonda siku ngapi?"

Nataka niandike nilichokiona kwa macho yangu. Damu ilikuwa mbichi. Kingo za jeraha zilikuwa nyekundu, safi, hazina usaha, hazina ule weupe wa jeraha lililolala. Hayo niliyaona nikayapita. Badala yake nikasikia fimbo ya mwalimu juu ya meza, na mdomo wangu ukasema kwa sauti ya darasani: inzi hutaga mayai, siku ya kwanza yai, siku ya pili funza. Funza hawa wamekwisha kukua. Kidonda kina siku mbili.

"Vizuri sana," Bwana Dawa akasema, akanipiga begani. Alfani akacheka.

Lazima niseme na hili: nilifurahi. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja nilifurahi kwamba nimejibu sawasawa mbele ya Mzungu. Nilijua mtu huyu anakata kuni zangu. Nilijiambia basi alikwenda kukata kuni akiwa na jeraha lake la juzi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi njia.

Nilipoinua kichwa Kunegunda alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa kinachodondoka maji. "Jana amelala kwangu," akamwambia Bwana Dawa. "Miguu yake yote mizima. Mimi ndiye mkewe, nisiijue miguu yake?" Bwana Dawa hakumtazama. Neno la mke halihesabiwi hapa.

Akanigeukia mimi. "Mlongo," akasema.

Sikumkatalia neno hilo leo.

Ijumaa, tarehe 5 Januari

Baraza halikuchukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Alfani alisema yake. Mimi niliitwa, nikarudia yangu. Karani akaandika. Polikarp atanyongwa pamoja na wengine sita, Jumamosi ya wiki ijayo, mbele ya watu wote. Aliulizwa kama ana neno. Akasema mzigo wa kuni bado uko kule kivukoni, waende wautazame. Hakuna aliyekwenda.

Jumamosi, tarehe 6 Januari

Nilidhani Kunegunda hatakuja. Alikuja mapema kuliko siku zote, amejitwika mzigo wa kuni kavu, umefungwa vizuri kwa kamba ya magome. Aliufuata peke yake mpaka kivukoni. Aliutua miguuni kwangu. Kijiti cha juu kilikuwa na damu iliyokauka.

"Kuni ulizotaka," akasema.

Akawasha moto, akachemsha, akafua. Siku nzima chungu kilichemka kama hakijawahi kuchemka.

Jumapili, tarehe 7 Januari

Nimeomba ini la mbuzi jikoni kwa askari, mbuzi amechinjwa mbele yangu saa moja asubuhi. Nimelikata vipande viwili, nikaosha mikono, nikaweka kila kipande kwenye kisahani na bilauri juu yake. Nataka kumwonyesha yule mwanamke kwamba sikukosea. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Kutwa nzima mvua imenyesha, na hakuna inzi hata mmoja wa kijivu aliyetoka. Nimewatupia mbwa yale maini.

Jumatatu, tarehe 8 Januari

Jua limetoka. Ini jipya, la mbuzi aliyechinjwa leo. Chini ya bilauri ya kwanza nimewatia inzi wa jikoni wawili na yule wa kijani anayeng'aa. Chini ya pili nimemtia mmoja wa kijivu, jike, tumbo limejaa. Nikakaa mbele yao kwenye kigoda. Wagonjwa waliniita, sikuinuka.

Wa kijani alizunguka zunguka, akatafuta upenyo chini ya ini, akaanza kutaga. Mayai meupe, marefu kidogo, yamepangwa pamoja kama punje za mchele. Yakakaa hapo. Jioni yalikuwa bado mayai.

Wa kijivu alitua juu ya ini, akajishikiza kwa zile nyayo zake pana. Akainamisha nyuma ya tumbo mpaka likagusa nyama. Sikuona yai. Nilimwona funza mweupe akitoka, mzima, anajinyonga, na kabla sijafunga mdomo wa pili akatoka, na wa tatu. Walidondoka wakaanza kutambaa palepale. Kila mmoja alielekea kwenye unyevu, akatia kichwa ndani, akabaki mkia juu. Nilichukua kioo cha kukuzia cha Bwana Dawa. Mdomoni wana vikulabu viwili vyeusi vya kuchimbia. Nyuma wana kishimo, na humo ndimo wanamopumulia, ndiyo maana wanaacha mkia nje hata wakizama kwenye majimaji. Nilihesabu hadi ishirini, nikaacha kuhesabu.

Na ukubwa wao ulikuwa uleule. Uleule niliouona mguuni kwa Polikarp, niliosema ni wa siku mbili. Na tangu hawa wazaliwe haujapita hata muda wa kuswali rakaa mbili.

Niliinuka nikaenda dirishani.

Kunegunda alikuwa ananitazama kutoka kwenye kamba ya kuanikia. Nilitaka kumwita aje aone. Nikaona aibu. Yeye ameyaona tangu utotoni.

Jumanne, tarehe 9 Januari

Sikusema. Nikimwambia Bwana Dawa kwamba nilikosea, nimemwaibisha na yeye, maana alinisifu. Nimemwaibisha Bwana Mkubwa aliyehukumu kwa neno langu. Mtu aliyeapa barazani akageuza anapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano. Nimewaona waliopigwa, nimewafunga migongo yao mimi mwenyewe.

Jumatano, tarehe 10 Januari

Sikusema. Ninajichukia leo kuliko ninavyomchukia Alfani.

Alhamisi, tarehe 11 Januari

Nimesema.

Nilimpelekea Bwana Dawa bilauri na inzi mwingine wa kijivu, mzima, asubuhi akiwa anakunywa kahawa. Nikamwambia, "Bwana, nilikosea. Tazama huyu. Hatagi." Akakunja uso. Nikamshika inzi kwa koleo, nikamminya tumbo taratibu, na funza wakamtoka juu ya sahani ya Bwana, pembeni ya mkate, wanatambaa.

Nilidhani atanipiga. Alisukuma kahawa, akaleta kioo chake, akaleta taa mchana kweupe. Akasema maneno mengi ya kwao. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona mtoto wake wa kwanza. Akachora mgongo na mistari mitatu, akachora miraba ya tumbo, akanishika mkono, mimi, akautikisa. Akasema anajua kwamba kwao wako wanaofanya hivi, lakini huyu wa Songea pengine hana hata jina, naye atampeleka Ulaya kwenye chupa.

"Bwana," nikasema, "basi kidonda cha Polikarp kilikuwa cha asubuhi ile. Ni shoka. Ni kweli tupu aliyosema."

Akanitazama kama mtu anayeamshwa. Akavaa kofia, akaenda kwa Bwana Mkubwa. Nilisimama uani nikiomba dua ambayo sijaomba tangu utoto. Nilisema Mungu akimtoa mtu huyu nitafunga miezi miwili.

Alirudi upesi mno. Akakaa, akachukua kalamu ya kuchorea.

"Orodha imekwisha andikwa," akasema bila kuinua macho. "Bwana Mkubwa anasema kidonda cha leo, cha juzi, si kitu. Mngoni, porini, shoka. Basi."

"Lakini ni neno langu lililomhukumu!"

"Basi, Bakili!" Akachora mguu mmoja wa inzi mpaka mwisho, kwa uangalifu, na nywele zake. Kisha akaniambia anataka inzi hawa thelathini, majike, ndani ya pombe kali. Jumamosi, akasema, watakuwapo wengi pale kwenye miti ya kunyongea. Atanipa cheti cha kupita.

Nilikwenda kwa Kunegunda nikamwambia yote. Niliyoyajua tangu Jumatatu, siku mbili nilizonyamaza, jibu la Bwana Mkubwa. Nilimwambia yeye ndiye aliyekuwa sahihi tangu Novemba.

"Mimi nilijua kwamba ni sahihi," akasema. "Kunifaa hakukunifaa kitu."

Ijumaa, tarehe 12 Januari

Sikwenda kuswali. Nimeruhusiwa kumfunga Polikarp kidonda gerezani. Kilikuwa kinapona. Nilitoa funza wote mmoja mmoja kwa koleo, nikakiosha kwa dawa. Aliniuliza kama mfuniko bado unakaa sawa juu ya chungu, maana mbao ilikuwa mbichi na hupinda. Nikamwambia unakaa sawa.

Jumatatu, tarehe 15 Januari

Naandika nimelala kifudifudi. Mistari ikipinda ni kwa ajili hiyo.

Jumamosi waliwanyonga asubuhi. Watu waliletwa kutoka pande zote kwa lazima, wakasimama nyuma ya kamba, na askari mbele yao. Ikatolewa amri kwamba miili itaachwa mpaka jua litue ili watu wajifunze, na kwamba mtu yeyote akivuka kamba apigwe risasi. Kunegunda alisimama mstari wa mbele. Hakulia. Jua lilikuwa kali baada ya mvua, na kabla mashavu ya watu hayajakauka jasho nilimwona wa kwanza, wa kijivu, macho mekundu, anamzunguka Polikarp usoni.

Mimi nilikuwa na cheti. Nilikuwa na chupa ya pombe kali na kitambaa cha kunasia. Askari walinifungulia njia. Mimi peke yangu katika watu wote wale niliruhusiwa kufika pale.

Niliiweka chupa chini. Nikakata tawi la msasa lenye majani, nikasimama mbele ya Polikarp, nikaanza kupunga. Walikuja kutoka kila upande, na huyu haogopi mkono, nimekwisha kusema. Nilimpunga machoni, nikampunga mdomoni, nikampunga kwenye ule mguu. Wale wengine sita sikuweza kuwafikia, Mungu anisamehe, tawi lilikuwa moja. Nilijua kinachohitajika. Kwa huyu ukigeuka mara moja tu basi, ameshazaa. Sikugeuka. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Alfani aliniita mara tatu akicheka, kisha akaacha kucheka akaenda kusema.

Jua lilipotua wakaruhusu watu wachukue maiti zao. Kunegunda alifika na shuka. Alimtazama mumewe machoni, puani, mdomoni, kwa utulivu, kama anavyokagua vitambaa vilivyochemka. Alikuwa safi. Alimfunika, ndugu zake wakambeba.

Bwana Dawa alikuwa anasubiri barazani kwake. Akaiinua chupa kwenye mwanga. Haikuwa na kitu ila pombe.

"Inzi wako wapi?"

"Leo hakuna inzi, Bwana."

Alisikitika kweli, nadhani. Lakini Alfani alikuwa amekwisha kusema, na Bwana Mkubwa alikuwa amekwisha kukasirika, kwa kudharau amri na kutumia cheti cha serikali kwa jambo jingine. Jana nimepigwa hamsa ishirini uani, mbele ya wagonjwa wangu. Baada ya kumi sikuweza kuhesabu. Mgongo umepasuka sehemu nyingi, na wa kufunga migongo katika boma hili ni mimi.

Asubuhi hii niliwasikia kabla sijafumbua macho. Wa jikoni, wa kijani, na ule mlio mzito zaidi. Mkono wangu haufiki nyuma. Nililala nikisubiri atue.

Hakutua. Nilisikia majani. Nikageuza shingo nikaona miguu ya mwanamke, na kigoda changu, na chungu cha chuma kimefunikwa kwa ule mfuniko, kinatoa mvuke. Alikuwa amekwisha kuniosha nikiwa nimezimia usingizini. Alishika tawi, anapunga.

"Mlongo," nikasema. Ni mimi niliyesema.

Kunegunda hakuacha kupunga. "Sijakusamehe, Bwana Bakili," akasema. "Usije ukafikiri hivyo. Ila yule wa kijivu sitaki azae tena mbele yangu."

Kisha akaniambia nilaze kichwa, ninamzuia kuona.